Yamaha Enduro 40 kwenye maji ya Lamu

Vijana wa Faza wanaotaka kuingia kazi ya kubeba abiria wananiuliza wanunue mashine gani, na jibu langu halibadiliki: Yamaha Enduro, nguvu 40, ile ya kuvuta kamba. Boti yangu inapiga Mokowe, Lamu na Kizingitini ikiwa imejaa watu na magunia ya unga, na mashine hii inaisukuma vizuri hata kusi ikichafua bahari.

Ni injini ya mipigo miwili. Oili unaichanganya na petroli mwenyewe, na haina mambo ya kompyuta. Ikizima ndani ya Mkanda, ule mlango wa maji wa kati ya Manda na bara, maji yanapokupwa, unafungua kifuniko, unatoa plagi, unaipangusa, unavuta kamba tena. Cha kuchunga sana ni impela ya pampu ya maji, kwa sababu mchanga wetu unaila. Ukiona maji yanayoruka nyuma yamekuwa membamba, zima hapo hapo kabla injini haijaungua. Impela hiyo naipata mjini siku ile ile, na mwenye duka haulizi modeli. Anaitazama tu ile kuukuu mkononi mwangu.

Kwangu mimi hapo ndipo Mjapani alipomshinda Mmarekani kwenye maji yetu. Wamarekani walitangulia mbali: Ole Evinrude alikuwa akiuza mashine za boti Milwaukee tangu 1909, Yamaha wakatoa yao ya kwanza mwaka 1960. Mwaka 2004 kampuni ya Brunswick, wenye Mercury, ikalalamika Washington kwamba Wajapani wanauza mashine Marekani kwa bei ya kuvunja soko. Wizara ya Biashara ya Marekani ikaiunga mkono Brunswick. Lakini Februari 2005 makamishna wa Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani waliamua kwa kauli moja kuwa viwanda vya kwao havikudhurika, na ushuru uliokuwa utozwe mashine za Wajapani ukafa. Ajabu ni kwamba Mercury hao hao walikuwa wakinunua injini kwa Yamaha za kutia kwenye baadhi ya mashine zao! Evinrude nayo, utengenezaji wake ulisimamishwa mwaka 2020.

Marehemu baba alikuwa na mashine ya Kimarekani, jina nitaliacha. Ilikuwa na nguvu kuliko hii yangu, nasema kweli. Ililala bandani kwa kukosa gia moja, na yeye akarudi kwenye tanga. Ndiyo maana mtu akinisifia mashine mpya, ya taifa lolote lile, swali langu la kwanza ni spea zake ziko wapi.

Kasoro za Enduro zipo. Inakunywa petroli, na moshi wake abiria wa nyuma wanaujua. Sheria za moshi zimeziondoa mashine mpya za namna hii katika soko la Marekani na Ulaya. Ya mipigo minne inakunywa kidogo kuliko hii, basi kama unakwenda Kizingitini kila siku piga hesabu ya mafuta kwanza, na hakikisha una fundi anayeijua.

Spea bandia pia zimejaa. Mpira wa impela ya bandia ni mgumu, ukiukunja unaacha ufa mweupe. Usiuchukue hata kwa nusu bei. Na mwenye mashua ndogo ya kuvulia aache 40, Enduro ya nguvu 15 inamtosha.