Super Mario Bros.: uyoga ule bado haujapata mpinzani

Mwezi uliopita nilinunua Kariakoo mashine ya gemu, zile kopi za Famicom, mashine ya zamani ya kampuni ya Kijapani Nintendo, zinazokuja na kaseti ya njano. Shilingi 35,000, pedi mbili, adapta na waya wa kuchomeka kwenye TV. Boksi linasema kuna magemu 400, ila ukifika la 60 hivi yanaanza kujirudia kwa majina mengine. Pedi ya pili kitufe cha B kilikuwa kinanasa. Mimi ni fundi redio na TV, nikaifungua, nikasafisha raba kwa spiriti, ikakaa sawa. Wewe usiye fundi, bonyeza kila kitufe palepale dukani kabla hujatoa hela.

Mashine imeishia hapo. Ninalotaka kulisema linahusu gemu moja tu lililomo ndani, Super Mario Bros., ambalo Nintendo walilitoa Japani Septemba 1985. Na ndani ya gemu hilo, nataka tuangalie vile vitu anavyookota Mario, yule mtu unayemwendesha, njiani: uyoga, ua, nyota na koini.

Nililicheza kwa mara ya kwanza Tanga, Ngamiani, nikiwa darasa la nne, kwenye televisheni ya chogo ya jirani. Tulikuwa watoto sita au saba kwa pedi moja. Ukifa, unampa mwenzio. Sasa namtazama binti yangu Zuhura, miaka minane, akilicheza kwa mara yake ya kwanza, na nilijiwekea sharti nisimwelekeze chochote.

Steji ya kwanza, ile tunayoiita 1-1, yaani dunia ya kwanza, steji ya kwanza. Kidude cha kahawia chenye nyusi za hasira kilimjia, akakiangalia tu, kikamuua. Mara ya pili akakiruka. Akagonga kwa kichwa tofali lenye alama ya kuuliza, uyoga ukachomoza juu yake, ukateleza kuelekea kulia, ukaanguka chini. "Baba, mwingine huyo!" Maana uyoga nao una kichwa kipana kama yule aliyemuua dakika moja nyuma. Akarudi nyuma. Uyoga ukagonga bomba la kijani, ukageuka, ukaanza kumfuata. Akaruka kuukwepa, lakini juu yake kuna matofali. Kichwa kikagonga, akashuka moja kwa moja juu ya uyoga. Mario akarefuka. Zuhura akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Kumbe ulikuwa mzuri."

Shigeru Miyamoto, aliyelibuni gemu hili pamoja na Takashi Tezuka, amewahi kueleza kwamba bomba lile na matofali yale yaliwekwa pale makusudi, ili mgeni aupate uyoga hata kama anaukimbia. Sikuwa nalijua hilo nilipokuwa mtoto. Nilichokijua ni kwamba hakuna mtu aliyenifundisha, wala hakuna neno hata moja la maelezo kwenye kioo, na bado nilielewa. Miaka yote hii baadaye nimeona mafunzo yaleyale yakimwingia mwanangu kwa sekunde tano, bila mimi kufungua mdomo. Nilisisimka.

Watoto wa mtaani kwetu vitu hivi wanaviita "pawa". Kipimo changu cha pawa ni hiki: ibadilishe mwili wa mchezaji. Ikibadilisha namba tu pale pembeni ya kioo, kwangu hiyo ni mapambo. Uyoga unaubadilisha mwili kwelikweli. Mario mkubwa anavunja matofali ambayo mdogo anayasukuma tu. Akiguswa na adui hafi, anarudi udogoni. Na ukubwa una gharama yake, jambo ambalo ndilo ninalolipenda zaidi. Kwenye 1-2, kule chini ya ardhi, kuna vipenyo ambavyo Mario mdogo anapita akitembea, mkubwa hapiti. Zuhura alikwama pale muda mrefu mpaka akagundua mwenyewe kwamba ukikimbia kisha ukachuchumaa, unateleza na kupenya. Alinigeukia kunionyesha kama vile mimi sijawahi kuona.

Ua lina akili ya namna yake. Tofali ni lilelile: ukiligonga ukiwa mdogo linatoa uyoga, ukiligonga ukiwa mkubwa linatoa ua. Kwa hiyo gemu linakutazama ulivyo ndipo linakupa. Ukiwa na ua unarusha moto, lakini mipira miwili tu kwa wakati mmoja kwenye kioo. Ya tatu haitoki mpaka mojawapo iishe. Yule kobe mwenye gamba gumu jeusi moto haumpati kabisa, lazima umkanyage. Ila bosi wa ngome, lile jitu la magamba linalotema moto darajani, mipira mitano inamwangusha. Na hapo kuna zawadi ambayo wachezaji wengi hawaijui: ukimwua kwa moto katika ngome saba za kwanza, anageuka na kuonyesha sura yake halisi. Yule wa 1-4, ngome ya kwanza, ni kile kidude cha kahawia cha mwanzo kabisa, kimevaa umbo la mfalme. Anayepita kwa kumruka na kulikata daraja haoni kitu hiki. Mwenye ua tu ndiye anayeona.

Nyota ni fupi. Inarukaruka ikikukimbia, ukiipata muziki unabadilika, na kwa sekunde chache kila unachogusa kinakufa. Shimoni haikuokoi. Zuhura alilijifunza hilo kwa machozi.

Wazo la pawa halikuanzia hapa, na haki itendeke. Pac-Man ya mwaka 1980 ilikuwa na vidonge vikubwa vinne kati ya vidogo 240, na ukimeza kikubwa, mizimu iliyokuwa inakufukuza inageuka kukukimbia. Hiyo ni pawa safi kabisa. Lakini inaisha upesi na unarudi vilevile. Uyoga wa Mario unakaa na wewe mpaka uupoteze, na ndiyo maana unaanza kuutunza. Utamwona mtoto aliyekuwa anakimbia ovyo anaanza kutembea taratibu kwa sababu sasa ana kitu cha kupoteza.

Koini nazo. Mia moja zinakupa uhai mmoja, kwa hiyo kila koini ni asilimia moja ya maisha, na hesabu hiyo mtoto wa darasa la pili anaiweza. Sauti yake, noti mbili tu za Koji Kondo, mtunzi wa muziki wa gemu hili, ya kwanza fupi na ya pili inayobaki hewani, naitambua nikiwa chumba kingine. Bomba la nne la 1-1 linakushusha kwenye chumba chenye koini 19. Na mbele kidogo ya bomba hilo, kabla ya shimo la kwanza, pana tofali lisiloonekana lenye uyoga wa kijani, yaani uhai mzima. Zuhura aliligonga kwa bahati tu. Tangu siku hiyo hapiti mahali bila kuruka na kugonga hewa, na kwa kufanya hivyo ameziona pembe za steji ambazo mimi sikuwahi kuzifikia.

Yote haya yamo ndani ya kilobaiti 40. Picha moja tu unayotumiwa WhatsApp ni kubwa kuliko gemu zima. Wingu na kichaka ni mchoro mmoja uliopakwa rangi mbili. Nafasi ilikuwa ndogo kiasi kwamba kitu kisicho na kazi kisingeingia. Nalinganisha na gemu fulani la simu alilokuwa akilicheza Zuhura kabla ya hili: almasi, funguo, masanduku, tiketi, kila asubuhi zawadi mpya, na baada ya wiki mbili nilipomwuliza almasi zinafanya nini, hakuweza kunijibu.

Kasoro zipo. Ukiwa na ua ukaguswa, unaporomoka moja kwa moja hadi udogoni, hupitii ukubwa, na hiyo naiona ni adhabu kali mno. Zile pointi zinazohesabiwa juu kushoto hazinunui chochote. Kwenye ngazi za mwisho za 3-1 unaweza kumrukia kobe mfululizo ukajikusanyia maisha kibao, na ukishalijua hilo koini zinapoteza thamani. Nakuomba usimfundishe mtoto mapema. Tena gemu halihifadhi ulipofikia. Maisha yakiisha unaanza 1-1, isipokuwa ukishikilia A huku ukibonyeza Start, hapo unaanzia mwanzo wa dunia uliyofia. Nimejaribu kwenye kopi hii, inakubali.

Nampa mtu yeyote mwenye mtoto ushauri wa kulitafuta. Ukiwa na Nintendo Switch lipo kwenye huduma yao ya kulipia, na sauti yake ni safi kuliko hii ya kwangu inayokoroma kidogo.

Jana usiku Zuhura alifika 1-4 akiwa na ua. Nilikuwa nimeshika solda ya kuchomelea, nikaiweka chini. Mpira wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa tano ulipompata, lile jitu likageuka kuwa kidude cha kahawia, kikaanguka kichwa chini miguu juu. Aliiacha pedi ianguke sakafuni. "Baba! Ni yule! Ni yule wa mwanzo!"