Kipimo cha haraka cha kidingapopo: mstari uliokolea haupimi hatari

Kipimo ninachokizungumzia ni kile cha damu ya kidole chenye makasha mawili ya plastiki yaliyounganishwa. Upande mmoja hutafuta NS1, yaani protini inayomwagika katika damu wakati virusi vya kidingapopo (au homa ya dengi, kama wengine wanavyoiita) vinapozaliana ndani ya seli, na upande wa pili hutafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi, za aina mbili: IgM, ambayo kwa kawaida hutangulia, na IgG, ambayo hufuata na kudumu muda mrefu. Nimekitumia mara tatu katika ugonjwa mmoja, ambao ulikuwa wangu mwenyewe, na mara moja kwa mdogo wangu ambaye hakuwa akiumwa chochote. Ni kifaa kizuri, na ningekinunua tena. Kasoro yake kubwa imo katika karatasi ya maelekezo, kwa sababu inamfundisha mtumiaji kusoma mistari bila kumuuliza kwanza homa yake ina siku ngapi.

Kuhusu utumiaji sina mengi ya kulalamikia. Mrija wa kunyonyea damu ni mwembamba mno na huingiza hewa usipokuwa na subira, lakini baada ya hapo kazi ni kudondosha matone, kuweka saa na kusoma jibu kati ya dakika 15 na 20. Jibu linalojitokeza baada ya muda huo halihesabiki, na hilo karatasi inalisema waziwazi.

Nilijipima kwa mara ya kwanza siku ya pili ya homa, kichwa kikigonga na macho yakiuma kila nilipoyageuza. Mstari wa NS1 ulijitokeza mapema ukiwa umekolea sana, huku upande wa kingamwili ukibaki mtupu. Hivyo ndivyo inavyotarajiwa, kwa kuwa virusi huingia katika damu siku moja au mbili kabla ya homa na kufikia kilele karibu na siku dalili zinapoanza, ilhali IgM kwa kawaida huchukua siku nne au tano kuonekana. Kosa nililofanya ni lile ambalo nadhani watumiaji wengi hulifanya: niliutazama wekundu wa mstari kana kwamba ni rula, nikaamini kwamba ukikolea virusi ni vingi na hali ni mbaya, na ukififia nimepona. Kipimo hiki hakikuundwa kwa kazi hiyo. Kinajibu ndiyo au hapana tu. Anayetaka kujua wingi wa virusi hana budi kwenda kwenye maabara yenye mashine ya PCR, inayorudufu vinasaba vya virusi mzunguko baada ya mzunguko hadi vionekane, na hata huko namba husomwa kinyume, maana mizunguko ya mashine ikiwa michache ndipo virusi vinapokuwa vingi.

Siku ya tano homa ilishuka. Nilijipima tena, na mstari wa NS1 ulikuwa hafifu kiasi kwamba nililazimika kuusogeza dirishani, IgM ilikuwa hafifu vilevile, lakini IgG ilikuwa wazi kabisa. Kituo cha kwanza nilichokwenda, ambacho sitakitaja, kiliangalia kasha lile, kikaniambia virusi vinaisha na kunirudisha nyumbani. Kuhusu virusi walisema kweli. Tatizo ni kwamba katika kidingapopo saa za hatari huja aghalabu kati ya siku ya 3 na ya 7, homa inaposhuka na virusi vikiwa tayari vinapungua, kwa sababu kinachomdhuru mgonjwa wakati huo ni mishipa midogo inayovujisha utegili, yaani sehemu ya majimaji ya damu. Jioni ile tumbo lilianza kuuma na nikatapika mfululizo. Hospitali ya pili ilikuta chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zimeshuka na hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, imepanda, ikanilaza.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba jibu lenye thamani zaidi katika kasha la siku ya tano lilikuwa ule mstari wa IgG. Kuonekana kwake mapema hivyo huashiria kwamba mtu amewahi kuambukizwa. Virusi vya kidingapopo viko vya aina nne, na kingamwili za aina iliyomwambukiza mtu mwanzo zaweza kuisaidia aina nyingine kuingia ndani ya seli badala ya kuizuia, ndipo virusi hufikia kilele cha juu zaidi. Kwa hiyo wingi wa virusi una uhusiano na ukali wa ugonjwa, ila uhusiano huo huamuliwa katika siku za mwanzo, na madhara huonekana pale virusi vinapoondoka. Isitoshe, kwa mtu wa namna hiyo NS1 hutoweka mapema kwa kuwa kingamwili za zamani huishika, na hivyo jibu la hapana siku ya tano halimtoi mtu hatarini.

Mdogo wangu alijipima kwa mzaha, akakutwa na NS1. Hakuwa na homa, na hakuipata hata baadaye. Walio wengi wanaoambukizwa hawaoni dalili au huona ndogo tu, lakini damu yao huweza kumwambukiza mbu. Tulimlazimisha kulala ndani ya chandarua mchana, maana Aedes, mbu anayeeneza ugonjwa huu, huuma mchana, na hadi leo ananidai usingizi aliokosa usiku.

Msomaji asitarajie kipimo hiki kimsaidie kwa homa nyingine za mbu. Chikungunya, ambayo jina lake limetoka katika Kimakonde, hujaza damu virusi vingi mno na walioambukizwa wengi huugua, hivyo PCR ya wiki ya kwanza huikamata vizuri. Zika ni kinyume chake: virusi huwa vichache na hupita haraka katika damu, watu wanne kati ya watano hawahisi chochote, na IgM yake yaweza kuuwasha mstari wa kidingapopo kimakosa. Karatasi ya maelekezo inaligusia hilo kwa maandishi madogo kabisa, mahali ambapo mtu mwenye homa hatafika.

Ninakipendekeza kwa yeyote anayeweza pia kupata kipimo cha chembe za damu kila siku, na ambaye atajiepusha na aspirini na ibuprofeni hata kama jibu lake ni hapana. Kasha langu la tatu, la siku ya 9, lilionyesha IgM na IgG pekee. Yamebaki mawili katika boksi, na juu ya kifuniko nimeandika kwa kalamu nzito: Homa ilianza lini?