Kipimo cha hepataitisi B nikiwa na mimba ya miezi saba, Kisumu: uzoefu wangu

Kliniki nilianza mapema, mimba ya pili hii, na mahali pa kwanza walinitoa damu wakapima ukimwi, kaswende, grupu, wingi wa damu, mkojo, kila kitu kikaandikwa kwa kitabu nikaenda nyumbani nimetulia. Hepataitisi B, ule ugonjwa wa ini unaoletwa na virusi, hawakugusa na mimi sikujua ni ya kuulizia. Hiyo bado inaniuma.

Miezi saba tukahamia Kondele, nikaanza kliniki ndogo karibu na nyumba. Sista akafungua kitabu, akapitisha kidole kwa vipimo pole pole, akaniuliza, "Mama, hii ya ini ulifanyiwa wapi?" Akanidunga kidole, tone moja la damu, tukangoja robo saa. Laini mbili, yaani niko nayo. Na sikuwa na dalili hata moja jamani, nilikuwa nakula vizuri macho meupe! Bei haikufika ya kilo mbili za nyama.

Nawapa nyota tano kwa vile walinieleza bila kuninong'onezea kama mtu aliyefanya jambo baya. Mtoto akiipata wakati wa kuzaliwa, 9 kwa 10 hubaki nayo, lakini mtu mzima mara nyingi mwili wake unaitoa wenyewe. Wakanituma nikapimwe wingi wa virusi, ikarudi juu ya 200,000, nikaanzishwa tenofovir, dawa ya kupunguza virusi, tembe moja kila siku.

Kazi ilikuwa chanjo ya mtoto. Ile chanjo ya penta ya wiki 6 iko na kinga ya hepataitisi B ndani, lakini mtoto wa mama kama mimi hawezi kungoja wiki 6, anadungwa ndani ya masaa 24, na si kila mahali wanaiweka. Sista aliiagiza mapema ikakaa kwa friji yao, boksi limebandikwa plasta yenye jina langu. Kijana alizaliwa saa kumi alfajiri, kufika saa kumi na mbili ashadungwa paja na saa imeandikwa kwa kitabu. Imunoglobulini, ile sindano ingine ya kinga ya mtoto, hatukuiweza, ni ghali. Kunyonyesha waliniambia ninyonyeshe tu.

Mzee wangu alipimwa akapatikana hana, akaanza chanjo zake tatu, ya mwisho ni miezi sita baada ya ile ya kwanza. Foleni ya Jumatatu ni ndefu, nendeni siku zingine. Na kama uko na mimba fungua kitabu chako saa hii, kama hakuna hepataitisi B uliza, usingoje sista akuulize.

Wiki jana kijana amefikisha miezi tisa, wakampima. Laini moja.