Tahadhari: Muuzaji wa "sanamu za kale za Wadogon" hapa Brussels

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja, na ninaomba ujumbe huu umfikie kila anayenunua au anayefikiria kununua sanamu za mti za Afrika Magharibi hapa Ubelgiji. Yupo mtu anayejitambulisha kuwa mjukuu wa hogon, yaani mzee mkuu wa dini wa Wadogon wa Mali, ambaye ameniuzia sanamu iliyochongwa juzijuzi na kupakwa masizi kana kwamba imetoka kwenye madhabahu ya mababu.

Alinipokea katika chumba cha nyuma cha duka la mtu mwingine, pazia likiwa limeshushwa. Sanamu ilikuwa imelazwa juu ya meza, imeviringishwa kitambaa cheupe cha pamba, na kabla hajaifungua alileta bakuli la maji akaninawisha mikono. Akaufungua ule mviringo taratibu, kuanzia miguuni. Ilikuwa sanamu ya mtu aliyesimama, mikono yote miwili ameinyoosha juu, ana ndevu na ana matiti. Akanieleza kwamba mikono ile inaomba mvua, na ndevu na matiti katika mwili mmoja vinawakumbusha Nommo, viumbe wa kwanza waliokuwa na uume na uke pamoja. Kisha akapitisha kidole juu ya ukoko mweusi uliofunika kifua chote. "Hapa bibi yangu alimwaga uji wa uwele," akasema, "na hapa babu alichinjia kuku." Akanyamaza, akafuta macho kwa pindo la kitambaa kilekile, akaniambia, "Dada yangu, huyu simuuzi, namkabidhi." Nilihesabu fedha huku mikono ikinitetemeka, na yeye hata hakuzitazama.

Wanaonilaumu kwamba nimedanganyika kirahisi wajue kwamba niliyoambiwa hayakuwa porojo. Ni kweli kwamba mikono iliyoinuliwa hufasiriwa mara nyingi kuwa dua ya mvua, kwa maana katika majabali ya Bandiagara, wanakoishi Wadogon, uhai wa watu umeegemea uwele na miezi michache ya mvua. Ni kweli kwamba sanamu za madhabahu humwagiwa uji na damu ya kafara, na kwamba hazionyeshwi hadharani kama vinyago vya kuvaa usoni viitwavyo kanaga, vinavyochezwa katika dama, ile shughuli ya kuhitimisha msiba na kuzisindikiza roho za marehemu. Muuzaji huyo alijua kwamba wachongaji wa Wadogon ni wahunzi. Alijua kwamba kabla yao majabali yale yalikaliwa na Watellem, waliozika maiti zao katika mapango ya juu. Isitoshe, alinisalimu kwa Kiswahili safi cha Lubumbashi, mji wa Katanga nchini Kongo, akasema alifanya biashara kule miaka mingi, na sote tunawafahamu wafanyabiashara wa Afrika Magharibi waliokaa Katanga hadi wakawa wenyeji. Mtu wa namna hiyo ningemshukuje?

Akaongeza kwamba ukoo wake unauza kwa ajili ya Sigui, ibada kuu ambayo Wadogon huifanya kila baada ya miaka 60. Ya mwisho ilianza mwaka 1967 na ikahama kijiji hadi kijiji kwa miaka kadhaa, nyingine inatarajiwa mwaka 2027, hivyo hesabu yake ilikubali kabisa. Sasa ndipo ninapojiuliza ni ukoo gani unaojiandaa kwa ibada ya kuwaheshimu mababu kwa kuwauza mababu wenyewe.

Baadaye fundi anayehifadhi vitu vya kale vya mti alilowesha pamba kwa spiriti, akaifuta sanamu chini ya kwapa mara moja tu. Pamba ikatoka nyeusi, na mti ukaonekana wa manjano, mbichi, wenye mikwaruzo ya tupa. Matundu niliyoambiwa ni ya wadudu yalikuwa yamenyooka kama yaliyotobolewa kwa keekee, ilhali mdudu wa kweli hupindapinda ndani ya mti. Ule "uji wa bibi" ni wanga uliochanganywa na rangi.

Kinachonichoma ni kwamba amechukua dua ya watu kwa mungu wao akaifanya chambo. Wachongaji wa Bandiagara wana haki ya kuchonga na kuuza kazi mpya, na tangu vita vya mwaka 2012 vilipowakimbiza watalii wengi wao wamekosa wateja. Ningenunua kazi yao kwa furaha kama ningeambiwa ni mpya. Kinyume chake, kama sanamu ile ingekuwa ya kale kama alivyodai, basi ingekuwa mali iliyotoroshwa, kwa sababu tangu mwaka 1985 na 1986 Mali ina sheria zinazolinda urithi wa utamaduni na kudhibiti biashara yake. Kwa upande wowote utakaoutazama, mtu huyu ni mhalifu, na mahali pake ni gerezani, si katika chumba cha nyuma akiwalilia wateja.

Mtamtambua kwa bakuli la maji, kwa pazia, na kwa kukataa sanamu isipelekwe kwenye mwanga wala isiguswe chini ya nyayo. Ukoko wa sanamu zake una unene mmoja kila mahali, jambo ambalo kafara za miaka mingi haziwezi kulifanya. Hutoa pia karatasi ya kipimo cha kaboni, lakini kipimo hicho husema mti uliishi lini, hakisemi patasi iliugusa lini. Ukimwomba hati ya Mali ya kuruhusu kitu kitoke nchini, hubadilisha mazungumzo.

Nataka ashitakiwe, arudishe fedha, na huyo anayemwazima chumba naye aulizwe anachopata. Polisi wameyaandika malalamiko yangu na kuyaweka kando kwa kuwa ni ya mtu mmoja. Yeyote mwenye risiti, picha au ujumbe aliowahi kutumiwa naye aniletee, twende pamoja polisi na katika ubalozi wa Mali.