Bima ya gari lenye jina la mtu mwingine kwenye logibuku (kitabu cha usajili wa gari): uzoefu wangu Kampala

Stika ya thadi pati, ile bima ya lazima ya kuwalipa watu wengine unaowagonga, haisumbui. Inafuata gari, haimfuati dereva, kwa hiyo ukiwa na nakala ya logibuku na pesa mkononi unaipata bila maswali mengi. Linganisha tu namba ya gari na ya chesisi kabla hujaondoka kwa wakala, maana herufi moja ikikosewa una kazi na trafiki. Na usiitegemee kupita kiasi: inalipa aliyeumia au aliyefariki, kikomo shilingi milioni 1 kwa mtu. Ukigonga ukuta wa jirani au ukilibonda gari lenyewe la watu, hiyo ni ya mfukoni mwako.

Kazi iko kwenye bima kubwa, inayolipia hata gari lenyewe. Kampuni itauliza: gari likiharibika, wewe unapoteza nini? Dereva wa gari la kuazima hana jibu zuri hapo. Njia iliyo safi ni mwenye gari awe ndiye mwenye bima, nawe uandikwe kwenye polisi (mkataba wa bima) kama dereva aliyeruhusiwa. Andaa logibuku, vitambulisho vya taifa vya wote wawili, leseni yako, ripoti ya mthamini, na barua ya ruhusa iliyosainiwa mbele ya kamishna wa viapo. Kampuni niliyotumia ilikagua gari vizuri, ila polisi ilitoka na jina la mwenye gari peke yake. Nyongeza ya dereva lazima uidai kwa maandishi. Ahadi ya mdomo ya broka haisaidii siku ya ajali.

Kumbuka pia kwamba malipo yanakwenda kwa mwenye bima. Kama gari umelinunua na bado liko kwa jina la aliyekuuzia (Kampala magari hayo yamejaa), maliza uhamisho kwanza, la sivyo gari likiibwa hundi itaandikwa jina lake, na wewe utamfukuzia.

Kwenye fomu, sehemu ya matumizi isijazwe kwa haraka. Ukiandika "binafsi" halafu unabeba abiria wa kulipa, hata wa programu ya simu, umewapa sababu ya kukataa dai zima. Ukitajiwa bei, uliza kama VAT ya 18% na ushuru wa stempu vimo.

Wa kuvuka mpaka wa Kenya pale Busia au Malaba wachukue Kadi ya Njano ya COMESA, yaani thadi pati ya nchi za nje, na barua ya mwenye gari iwe halisi, kwani forodha nao wataiomba.

Kampuni niliyotumia naipa nyota tatu kati ya tano. Mbili nimezikata kwa ile polisi iliyotoka bila jina langu.