Mapitio ya Selform: kubadili kombi bila kujifungia njia ya chuo

Selform, yaani fomu ya kuchagua kombi za kidato cha tano na kozi za vyuo, ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne huijaza shuleni kabla ya mtihani wa Novemba, ni ya kubahatisha. Anaandika PCM (kombi, au tahasusi, ya Fizikia, Kemia na Hisabati) akiwa hajui Fizikia itamrudishia C au F. TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, wanalijua hilo, ndiyo maana baada ya matokeo kutoka hufungua dirisha la kubadilisha tahasusi na kozi katika selform.tamisemi.go.tz. Kwa waliomaliza 2024, dirisha lilikuwa wazi kuanzia 31 Machi hadi 30 Aprili 2025. Mwezi mzima huo, na mtu hahitaji kusafiri hadi Dodoma wala kurudi kwa mkuu wa shule kuomba saini. Hapo mfumo unastahili sifa zake zote. Tatizo ni kwamba wengi wanaoingia humo hubonyeza bila hesabu, na mfumo wenyewe hauwezi kumwambia kijana wa miaka 17 kwamba kombi aliyoichagua imemfungia udaktari.

Tuanze na kuingia, maana kuna wanaoishia hapohapo. Andaa namba ya mtihani wa kidato cha nne kamili, yaani namba ya kituo inayoanza na S pamoja na namba ya mtahiniwa, jina la mwisho, mwaka wa kuhitimu na matokeo yako yote. Matokeo yanahitajika kwa sababu mfumo hukuuliza ulipata alama gani katika somo unalolichagua wenyewe, ili kuhakikisha ni wewe. Ukikumbuka divisheni tu na pointi, utakwama. Jina la mwisho ni lile lililosajiliwa NECTA, yaani Baraza la Mitihani. Mtoto aliyesajiliwa kwa jina la babu lakini anatumia la baba atahangaika siku nzima akidhani mtandao ni mbovu. Ukifanyia kazi hii steshenari, kaa mwenyewe mbele ya kompyuta, weka nywila yako na uiandike kwenye daftari. Ukimwachia kijana wa kaunta akutungie, siku ya kutaka kurekebisha utamtafuta usimpate.

Ukishaingia, usiguse chochote kabla ya kupiga hesabu mbili. Watu wengi huzichanganya.

Ya kwanza ni pointi za divisheni. A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5, na zinajumlishwa za masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. Kigezo cha kwenda kidato cha tano katika shule za serikali ni zisizozidi 25, pamoja na krediti tatu, yaani A, B au C, katika masomo yasiyo ya dini. C tatu na D nne ni 9 jumlisha 16, unapata 25 kamili: umepenya kwa unywele. Badilisha D moja iwe F, zinakuwa 26, umeingia divisheni ya nne na mlango umefungwa japo krediti tatu unazo. Lakini mwenye B moja, C mbili, D tatu na F moja naye ana 25, na huyo anapita. Kwa hiyo anayesema “nina C tatu, nimeshafaulu” bado hajamaliza kuhesabu. Na kama mojawapo ya hizo C ni Bible Knowledge au Elimu ya Dini ya Kiislamu, haihesabiwi katika zile tatu.

Ya pili ni pointi za kombi yenyewe. Hapa unachukua masomo matatu tu ya kombi unayoitaka: jumla iwe kati ya 3 na 10, na pasiwe na F hata moja. Chukua PCB. Fizikia C, Kemia C, Baiolojia B: jumla 8, sawa. Fizikia D, Kemia C, Baiolojia C: jumla 10, bado uko ndani, mradi una krediti ya tatu kwingine, tuseme Kiswahili. Fizikia D, Kemia D, Baiolojia C: 11, umetoka. Kinachowaumiza wengi ni cha mwisho: Fizikia F, Kemia B, Baiolojia C. Hiyo nayo ni 10, ila ile F inafuta yote. Kijana wa namna hiyo akiiacha PCB kwenye orodha yake, amepoteza chaguo moja bure wakati angeweza kuangalia CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia), kama Jiografia yake inaruhusu.

Kutimiza vigezo si kupangiwa shule. Nafasi hugombewa, na mwenye pointi 10 za kombi anapambana na wenye 5 na 6. Ndiyo maana mpangilio wa machaguo una uzito: juu weka kombi ambayo masomo yake matatu yana alama zako nzuri, hata kama marafiki zako wote wanakwenda kwingine. Kuna tabia ya kuchagua kwa kufuata jina la shule, kombi ikawa jambo la baadaye. Shule utakaa miaka miwili. Kombi itaandikwa kwenye cheti.

Sasa twende kwenye upungufu. Selform inashughulika na hatua moja tu, kutoka kidato cha nne kwenda cha tano au vyuo vya kati. Sifa za kuingia shahada zimo kwenye mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), kitabu kingine kabisa, ambacho wanafunzi wengi hukifungua kwa mara ya kwanza wakiwa wamemaliza kidato cha sita. Hapo ni kuchelewa kwa miaka miwili. Kwa maoni yetu, yeyote anayeingia Selform afungue mwongozo huo pembeni na asome kutoka mwisho kurudi mwanzo: shahada ninayoitaka inadai masomo gani ya kidato cha sita?

Mfano ulio wazi zaidi ni udaktari wa binadamu, unaodai Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu. Mwenye CBG hawezi, hata akipata A tatu. CBG ni kombi nzuri kwa kilimo, misitu, wanyamapori, mazingira na ualimu wa sayansi, lakini kila mwaka kuna wanaoichukua wakiamini ni “PCB nyepesi” itakayowafikisha kulekule. Kwa uhandisi shika Fizikia na Hisabati ya juu. PCM ndiyo njia iliyonyooka, na PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati) hufungua baadhi ya milango. Shahada ya sheria haina ubaguzi mkubwa: HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) na HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili) zote zinafika.

Kuna jambo lingine kuhusu kidato cha sita linalostahili kujulikana kabla ya kuchagua kombi ngumu kwa ajili ya sifa. Huko pointi za divisheni zinahesabiwa kwa masomo matatu ya kombi, A ikiwa 1 hadi F ikiwa 7, E ikiwa 5 na S (alama iliyo kati ya E na F) ikiwa 6. Lakini TCU wana hesabu yao: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na kiwango cha chini kwa ujumla ni jumla ya 4.0 katika masomo mawili uliyofaulu kwa kiwango cha E kwenda juu. Matokeo yake ni ya kushangaza kidogo. Aliyepata E tatu ana pointi 15, divisheni ya tatu, familia inachinja kuku. Kwa TCU masomo yake mawili yana 2.0, hafiki. Mwenzake mwenye C, E na F naye ana pointi 15, divisheni ileile, lakini C na E zinampa 4.0, anaruhusiwa kuomba. Kwa mwanafunzi anayejijua ni wa wastani, kombi yenye masomo mawili anayoyamudu kwa uhakika ni salama kuliko yenye matatu anayoyaogopa yote. Na 4.0 ni sakafu tu. Kozi nyingi zinadai zaidi, udaktari ukiwa mmojawapo.

Kuhusu tahasusi mpya: Machi 2024 ilitangazwa orodha ya tahasusi 65, kati yake 49 zikiwa mpya, katika makundi saba ambayo yamebeba hadi michezo, sanaa na elimu ya dini. Wazo lenyewe zuri, kwani kijana mwenye kipaji cha muziki halazimiki tena kujibanza HKL. Ila kabla hujaipa kombi mpya nafasi ya kwanza, angalia mambo mawili: ni shule ngapi kwenye orodha zinaifundisha, na ni shahada zipi katika mwongozo wa TCU zinayataja masomo yake. Ikiwa shule ni chache, ushindani ni mkali na huenda ukapangiwa mkoa wa mbali, nauli ya kwenda na kurudi likizo ikawa mzigo kuliko ada, ambayo kwa shule za serikali ilifutwa kidato cha tano na sita tangu mwaka wa fedha 2022/23.

Upande wa vyuo, Selform haipati heshima inayostahili. Wazazi wengi huiona stashahada kama adhabu ya waliofeli. Mwenye D za Fizikia, Kemia na Baiolojia pamoja na somo la nne lisilo la dini ana sifa za chini za kusomea utabibu ngazi ya stashahada, wakati huohuo hana pointi za kombi kwenda PCB. Akimaliza stashahada kwa GPA ya 3.0 au zaidi, TCU wanamtambua kuwa na sifa linganishi za kuomba shahada, mradi ana ufaulu wa masomo manne kidato cha nne. Mwenye krediti za sayansi na mkono mwepesi wa ufundi aangalie DIT (taasisi ya teknolojia ya Dar es Salaam) au Arusha Technical College kabla ya kuzipuuza kwa sababu tu jirani kaenda form five.

Waliokosa vigezo vya serikali lakini wana krediti tatu bado wanaweza kusoma shule binafsi, kwani NECTA inamsajili kwa mtihani wa kidato cha sita mwenye krediti tatu, hata kama hazikupatikana kwa mkao mmoja. Hao hawahitaji dirisha hili. Wazungumze na shule moja kwa moja.

Ukimaliza kubadilisha, hifadhi, toka kabisa, kisha ingia tena uone machaguo yamekaa kama ulivyoyapanga. Fanya hivyo wiki ya kwanza. Siku mbili za mwisho kila mtu yumo na ukurasa unaweza kukuzungusha mpaka usiku wa manane. Majina hutoka karibu na Juni kwenye tovuti ileile, pamoja na fomu za kujiunga za kila shule. Pakua fomu hiyo siku hiyohiyo, maana masomo huanza Julai na orodha ya vifaa, kuanzia godoro hadi sare, huwa ndefu kuliko watu wanavyotarajia. Kubadili kombi baada ya kuripoti kunategemea nafasi iliyopo na uamuzi wa shule, na kwa kawaida jibu la mwalimu wa taaluma huwa ni hapana.