Enter the Gungeon: inalipa ustadi, inabana funguo

Kati ya gemu zote za kupiga risasi nilizocheza, hakuna iliyonifundisha kutazama kama Enter the Gungeon. Kulenga ni kazi ndogo humu. Unaingia chumbani, milango inajifunga, maadui wanaibuka, na baada ya muda mfupi skrini imejaa risasi nene za duara zinazokwenda taratibu kiasi kwamba unaweza kuifuata kila moja kwa macho. Anayeangalia adui tu anakufa mapema. Anayeangalia nafasi iliyobaki kati ya risasi na risasi ndiye anayefika mbali.

Gemu hii ilitoka Aprili 2016, ikitengenezwa na timu ndogo ya Dodge Roll na kusambazwa na Devolver Digital. Ilianza kwenye kompyuta na PlayStation 4, kisha ikafika Xbox One na Nintendo Switch. Unaitazama kutoka juu, michoro yake ni ya pikseli, na ni ya ukoo wa Rogue ya mwaka 1980: ukifa unarudi mwanzo, na vyumba ulivyopita havitakuwa katika mpangilio uleule tena. Mwanajeshi, rubani, mfungwa na mwindaji wanashuka kwenye ngome kutafuta bunduki yenye uwezo wa kuua yaliyopita, kwa kuwa kila mmoja ana jambo la zamani linalomtesa. Hadithi haikuchukulii muda mwingi. Inakupa sababu ya kushuka, basi.

Moyo wa gemu ni kubingirika. Unabonyeza kitufe, mhusika anaruka na kujiviringisha, na katika sehemu ya kwanza ya mwendo huo, akiwa bado hewani, risasi zinapita bila kumdhuru. Akishatua yuko wazi kabisa mpaka asimame. Kipande hicho kifupi cha hatari ndicho kinachofanya kila kubingirika kuwe uamuzi. Mchezaji mgeni hubingirika ovyo kwa hofu, anatua katikati ya kundi la risasi na kupoteza nusu moyo, maana uhai humu huhesabiwa kwa mioyo. Aliyezoea anatembea tu, hatua ndogondogo, na kuliweka bingiriko kwa ajili ya ukuta wa risasi usio na tundu. Ukikwama kabisa kuna risasi baridi: unaifyatua moja, risasi zote za maadui zinafutika chumbani. Kila sakafu, yaani kila ngazi ya ngome unayoshukia, unaianza ukiwa nazo mbili angalau. Wengi hufa wakiwa nazo mfukoni, kwa kuwa walizitunza kwa ajili ya shida kubwa zaidi ambayo hawakuishi kuiona. Zitumie.

Kuna meza pia. Ukiisogelea meza unaweza kuipindua ukajikinga nyuma yake mpaka ivunjike. Ni jambo dogo, lakini linabadilisha namna unavyoingia chumbani, kwa sababu jicho linatafuta meza kabla ya kumtafuta adui.

Nikizungumzia haki, gemu hii ina haki kuliko nyingi za ukoo wake. Karibu kila nilipouawa niliweza kusema ni risasi gani iliyoniua na nilipaswa kuwa wapi. Mabosi, yaani maadui wakubwa wa mwisho wa sakafu, ndio ushahidi mzuri zaidi. Beholster, lile jicho kubwa la sakafu ya pili lenye mikono mingi na bunduki tofauti katika kila mkono, mwanzoni linaonekana kama fujo tupu. Ukilirudia unaanza kutambua kwamba kila silaha ina mpangilio wake, na kila mpangilio una njia ya kutokea. Ukimshinda bosi bila kuguswa hata mara moja unapewa zawadi inayokuongezea moyo mmoja. Hapo ndipo gemu inaposema wazi inathamini nini: mkono uliojifunza unalipwa kwa uhai utakaokusaidia huko chini, ambako ni kugumu zaidi.

Silaha zenyewe ni furaha ya pekee. Ipo inayofyatua fulana, lipo sanduku la barua linalorusha barua, upo mzinga wa nyuki, lipo pipa linalotema samaki, na ipo herufi ndogo ya r ambayo risasi zake ni herufi zinazounda neno la Kiingereza la risasi. Waliozitengeneza walizipenda, na inaonekana katika sauti, katika namna ya kujaza risasi, hata katika maelezo mafupi ya kila moja kwenye kitabu unachobeba. Sasisho kubwa la Julai 2018 liliongeza miunganiko: vitu viwili vikikutana mikononi mwako vinazaa uwezo mpya ambao hakuna kimoja kati yake kilichokuwa nao peke yake. Tangu hapo hata bunduki dhaifu ina tumaini, kwani huenda mwenzake yuko kwenye sanduku linalofuata.

Sanduku hilo, basi, uweze kulifungua.

Hapa ndipo uvumilivu wangu unapopungua. Kwa kawaida kila sakafu ina masanduku mawili, na rangi zinakuambia ubora: kahawia ndiyo ya chini, kisha bluu, kijani, nyekundu, na nyeusi ndiyo ya juu. Karibu yote yanataka ufunguo, na funguo ni haba. Unaweza kununua dukani, lakini pesa inayonunua ufunguo ndiyo ileile ambayo ingenunua moyo, ngao au bunduki iliyoko mbele yako. Ukilipasua sanduku kwa risasi, mara nyingi unaokota takataka. Juu ya hayo, sakafu ya siri iliyo chini ya ile ya kwanza ina mlango wa kufuli mbili, yaani inakutaka funguo mbili wakati ambao huna kitu. Matokeo yake ni raundi ambazo mchezaji amecheza vizuri, hajaguswa sana, na bado anafika sakafu ya tatu na bastola yake ya mwanzo, huku sanduku jekundu limebaki nyuma limefungwa.

Ingekuwa jambo la kuvumilika kama bastola hiyo ingetosha. Haitoshi. Maadui wa chini wana uhai mwingi zaidi, kwa hiyo chumba ambacho kwa silaha nzuri kinaisha upesi, kwa silaha dhaifu kinageuka kibarua cha kuzunguka na kufyatua, kuzunguka na kufyatua. Hauko hatarini zaidi kwa kukosa ustadi. Uko hatarini kwa sababu pambano limerefuka na macho yamechoka. Hapo gemu inajipinga yenyewe: inahubiri ustadi, kisha inauchosha ustadi kwa ubahili. Nao wenye bahati wana kero yao, kwa kuwa mabosi wana kikomo cha madhara wanayoweza kupokea kwa muda fulani, na gemu haikwambii. Umebahatika kupata mchanganyiko wa kutisha, unaingia kwa bosi ukitarajia kumfagia, na uhai wake unashuka kwa mwendo uliopangwa. Naelewa nia ya kulinda pambano. Ningependa niambiwe.

Watengenezaji nadhani waliliona tatizo la bahati, maana sasisho la mwisho kubwa, la Aprili 2019, lilileta namna ya kucheza ambayo kila sakafu inakupa sanduku moja la rangi za upinde wa mvua, vitu vimetandazwa, unachagua kimoja na kuendelea. Habari ya funguo inakufa. Ukicheza hivyo ndipo unaona vizuri jinsi vyumba na mabosi wake walivyobuniwa kwa uangalifu, maana akili yote iko kwenye pambano. Natamani roho hiyo ingeingia hata kwenye raundi za kawaida.

Kinachobaki ukifa ni kidogo, na mimi napenda hivyo. Mabosi wanaacha sarafu maalumu ambazo unazitumia ukirudi juu kufungulia silaha mpya, nazo zinaingia kwenye orodha ya vitu vinavyoweza kutokea. Mhusika wako haongezeki nguvu. Kuna fundi anayekujengea lifti ya kuruka sakafu za mwanzo, baada ya kumletea vitu vingi. Siitumii isipokuwa kwa kumfanyia mazoezi bosi fulani, kwa sababu anayeruka sakafu anafika chini na silaha chache kuliko aliyezipita zote.

Wawili wanaweza kucheza pamoja, lakini kwenye skrini moja tu, si kwa mtandao, na wa pili analazimika kuwa mhusika mmoja aliyetengwa kwa kazi hiyo. Kwa gemu inayokolea hivi ukiwa na mwenzako, huo ni upungufu mkubwa. Tena raundi nzima inaweza kula karibu saa moja, na nafasi ya kuhifadhi unaipata unapoianza sakafu mpya. Ukiitwa katikati ya sakafu, ama uache mashine imesimama ama upoteze ulichofanya hapo.

Kwa anayeanza leo ningempa mwindaji. Upinde wake wa mtambo una nguvu ya kuua wadogo wa sakafu ya kwanza kwa mshale mmoja, na mbwa wake mara mojamoja anafukua kitu chumba kikishasafishwa: risasi, moyo, au ufunguo. Rubani ana vifaa vya kuchokonolea kufuli, na vinavutia kwa yote niliyosema juu ya masanduku, ila akishindwa mara moja kufuli inaharibika na sanduku hilo halifunguki tena hata ukileta ufunguo. Mwache mpaka uwe na uhakika wa mikono yako.